Nusu ya Safari, Nusu ya Nyumbani

Nyumba nyingi za hapa Ntalikwa zina majira ambayo kiti cha baba hukaa kitupu. Mvua zikishakatika na maua ya mti wa muba yakishapukutika, wanaume wenye mizinga huanza kunoa mapanga, kuosha ndoo za asali na kuulizana ni lini gari litaingia porini. Huko watakaa wiki tatu, nne, pengine na zaidi, katika kambi za kurina asali ndani ya misitu ya miombo. Si waume wote wa hapa ni warina asali. Wako wakulima wa tumbaku, wako madereva wa malori, wako mafundi ujenzi wanaofuata kazi mikoa ya mbali. Lakini jambo ni lile lile: mmoja huondoka, mmoja hubaki, na huko porini simu haishiki.

Sisi akina mama wachache tunaokutana kila Alhamisi alasiri tuna desturi moja kwa miaka kadhaa sasa. Kabla mume wa mmoja wetu hajaondoka, tunakwenda kwake kuoka vipande vya tende: tabaka la oti chini, tende zilizopondwa katikati, tabaka jingine la oti juu. Ni chakula rahisi kutengeneza, hakiharibiki upesi, na kinabebeka. Tungependa kukueleza, mama mwenzetu, namna tunavyokioka, na pia namna tunavyokigawa. Maana tumeona kwamba katika kukigawa ndimo lilimo somo lenyewe.

Keki ya ndoa

Tulifundishwa na mama mmoja mzee aliyefanya kazi miaka mingi jikoni, katika nyumba ya wageni ya kanisa. Yeye naye alijifunza kwa mgeni aliyetoka Kanada. Huko kwao vipande hivi ni kitu cha kawaida kabisa, kama maandazi kwetu. Bibi huvioka na wajukuu, na akina mama huvileta kwenye mikutano ya kanisa vikiwa vimefunikwa kitambaa. Katika majimbo ya magharibi ya nchi hiyo, kwenye nyika za ngano, watu huviita kwa jina ambalo kwa lugha yetu ni sawa na kusema "keki ya ndoa". Wako wanaolieleza jina hilo hivi: tabaka la chini limeshikamana, la juu linamomonyoka, na yote mawili yanakwaruza mdomoni, lakini katikati yake kuna utamu, na utamu huo ndio unaoyashika yasiachane.

Tulipoelezwa hayo tulicheka sana. Kila mmoja alijua katika nyumba yake ni nani anayeshikamana na ni nani anayemomonyoka.

Kanada ni moja ya nchi zinazolima oti kwa wingi duniani. Mitende haistawi katika baridi ile, hivyo tende zililetwa kutoka mbali, zikiwa zimekauka, nazo zilikaa akiba majira yote ya theluji. Kwa hiyo hata kwao ni chakula cha watu wawili waliokutana: nafaka ya shamba la nyumbani, na tunda lililosafiri.

Njia ya zamani

Kwetu Tabora tende ni mgeni wa siku nyingi zaidi. Katikati ya karne ya 19 mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Njia moja ilitoka Bagamoyo pwani, nyingine ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ilielekea kaskazini, Karagwe hadi Buganda. Waarabu na Waswahili waliojenga nyumba zao Tabora na Kwihara walipanda miembe na mitende, na mitende iko mjini hadi leo. Pale Kwihara lipo tembe ambamo Livingstone aliishi mwaka 1872 akingoja wapagazi aliotafutiwa na Stanley. Sasa ni makumbusho, na watoto wetu wa shule hupelekwa kulitazama.

Hatuli tende tukasahau kwamba njia ile ile ilipitisha pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo wakipelekwa kuuzwa. Habari hiyo ni lazima watoto waisikie kwetu pia, si shuleni tu. Lakini iko habari nyingine ya njia hiyo ambayo sisi wanawake wa hapa tunaielewa bila kufundishwa. Wapagazi wengi wa misafara walikuwa Wanyamwezi, wanaume huru waliokwenda kwa ujira. Mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, akatembea zaidi ya kilomita 800 hadi pwani. Kwenda tu kulichukua miezi miwili au mitatu. Waliondoka kiangazi baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia, na ujira wao mwingi ulikuwa nguo: merikani na kaniki.

Wako wake waliofuatana na waume zao wakibeba vyungu na kupika njiani. Wengine walibaki wakilinda mashamba, watoto na wazee. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa masafa marefu ulififia. Kuondoka na kubaki hakukwisha. Basi tunapomfungia mume tende kwa safari ya porini hatuanzishi jambo geni. Mama zetu wa zamani walifunga unga na karanga. Sisi tumeongeza trei.

Mahitaji

Kwa trei moja ya aluminiamu yenye upande wa sentimita 20, inayotoa vipande 16, tunatumia:

– Oti, kikombe 1 na nusu. Hii ni ile nafaka iliyobanwa ikawa bapa, ambayo wengi huipikia watoto uji. Wako wanaoiita shayiri, ingawa shayiri ni ndugu yake tu.
– Unga wa ngano, kikombe 1 na nusu.
– Sukari, nusu kikombe.
– Siagi ya kopo, gramu 175.
– Bekingi poda, kijiko 1 cha chai.
– Chumvi, robo kijiko cha chai.
– Tende, nusu kilo kabla ya kutoa kokwa.
– Maji, kikombe 1.
– Maji ya ndimu, kijiko 1 cha chakula.
– Asali, kijiko 1 cha chakula.
– Iliki iliyotwangwa, kiasi upendacho.

Tende za kubanwa, zile zinazouzwa kwa kupimwa sokoni, zinafaa kuliko zile nzuri za boksi, kwa sababu huiva upesi na bei yake ni nafuu. Jirani zetu Waislamu ndio waliotufundisha kuzichagua: ibonyeze kwa kidole, ikibonyea na ngozi ikabaki nzima, chukua. Ikiwa ngumu kama kokwa yake, au ikinuka uchachu, iache. Nao kwenye mwezi wa Ramadhani hutuletea tende, na sisi sikukuu zetu hatuwasahau kwa trei.

Oti ikiwa ghali au haipatikani, tumia kikombe kimoja tu, na ile nusu iliyobaki jaza karanga zilizokaangwa na kutwangwa zisilainike sana. Unaweza pia kupunguza nusu kikombe cha unga wa ngano ukaweka unga wa mtama uliokaangwa kidogo kwenye sufuria kavu. Vipande vitakuwa vyeusi zaidi na vitamomonyoka zaidi, lakini ladha yake ni ya nyumbani hasa.

Namna ya kuoka

Anza na tende. Toa kokwa moja moja, na usimwachie mtoto kazi hii peke yake, kwani kokwa moja iliyosahaulika inavunja jino la mtu aliyeko porini mbali na hospitali. Weka tende, maji na iliki katika sufuria juu ya moto mdogo. Koroga kwa mwiko dakika kama 10, mpaka zivunjike na kuwa rojo nzito inayoacha njia unapopitisha mwiko. Epua, tia ndimu na asali, kisha acha ipoe. Usiongeze sukari hapa. Tende yenyewe ni sukari ya kutosha, na ndimu ndiyo inayouzuia utamu usichoshe.

Halafu changanya oti, unga, sukari, chumvi na bekingi poda. Tia siagi, uipekeche kwa ncha za vidole mpaka mchanganyiko uwe kama mchanga uliolowana. Usiukande kama unga wa chapati. Ukiukanda utapata kitu kigumu. Asali usiitie humu, kwa maana huvuta unyevu na tabaka halitakauka vizuri. Paka trei siagi, utandike karatasi safi iliyopakwa siagi. Mwaga mchanganyiko zaidi kidogo ya nusu, uushindilie kwa kitako cha kikombe. Tandaza tende mpaka kwenye pembe. Nyunyiza mchanganyiko uliobaki, uubonyeze kidogo tu kwa kiganja.

Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 180 dakika 30 hadi 35. Sisi wengi tunaoka kwa mkaa. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, unene wa vidole viwili, uipashe moto, kisha tumbukiza trei juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko bapa wa bati na uweke mkaa juu yake. Moto wa juu uwe mwingi, wa chini uwe mdogo; anayefanya kinyume ataunguza chini huku juu pakiwa pabichi. Tazama baada ya dakika 25. Kingo zikiwa rangi ya dhahabu na nyumba nzima ikinukia, epua.

Kuhusu mkaa tuseme neno. Miti inayochomwa mkaa ni ile ile ambayo nyuki wanaitegemea kwa maua, na ambayo mizinga inaning'inia juu yake. Kwa hiyo hatuwashi moto mpya kwa ajili ya trei. Tunangoja maharage yaive, tunatumia makaa yaliyobaki. Si busara mke achome kwa mkaa kile ambacho mume anakifuata porini.

Sasa jambo gumu kuliko yote: usikate vikiwa vya moto. Vikikatwa vya moto vinavunjika vyote. Viache vipoe kabisa, hata usiku kucha. Vikipoa hukaa siku tano hadi saba katika kopo lenye mfuniko, mahali pakavu. Vya safari tunavirudisha motoni dakika kumi baada ya kuvikata, vikauke pembeni.

Tafadhali kumbuka: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, wala kipande chenye asali, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda. Na kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, tende na asali ni sukari kwake kama sukari nyingine. Afuate kipimo alichopewa na daktari.

Kugawa trei

Mwanzoni trei nzima iliingia kwenye kopo la msafiri. Ndivyo tulivyolelewa. Anayeondoka hufungiwa kilicho bora, na anayebaki hulamba mwiko. Mama angekusanya makombo kwenye karatasi, akawagawia watoto, akasema yeye ameshiba harufu. Hakuna aliyemlazimisha. Alijilazimisha mwenyewe.

Aliyetubadilisha ni yule mama mzee. Siku moja alikuwa akitazama kopo likijazwa, akauliza, "Mayu, na wewe safari yako utaila nini?" Mwenye nyumba akajibu kwamba yeye hasafiri. Mama mzee akasema, "Kulea watoto wanne peke yako mwezi mzima, hiyo siyo safari?" Hakuna aliyepata jibu. Tangu siku hiyo tunakata trei katikati kwanza, vipande nane huku na vinane huku. Nusu ya safari, nusu ya nyumbani.

Usidhani ni jambo la tumbo. Kuna mmoja wetu aliyeturuhusu tulisimulie lake bila jina. Mume wake aliondoka msimu mmoja akiwa na mizinga ya kutosha, akasema atarudi baada ya wiki nne. Yeye, kwa kutegemea asali hiyo, alikopa mahindi gunia moja na sare za watoto wawili. Mume alirudi wiki ya sita. Asali ilikuwa imekwisha: mchuuzi mmoja aliwafuata kambini, akanunua kwa ndoo, na sehemu ya fedha ilikwenda kulipa deni la mume ambalo mke hakulijua. Kilichofika nyumbani hakikutosha hata mahindi. Walikaa karibu mwezi mzima bila kusemezana ila kwa kupitia watoto. Yeye alifunga nguo zake mara mbili arudi kwao.

Tulipokaa naye tuliona kwamba hapakuwa na mwizi wala mlevi katika nyumba ile. Palikuwa na watu wawili, kila mmoja na hesabu yake kichwani, na kila mmoja akidhani mwenzake anaijua. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapo daftari lilikuwepo, ila yalikuwa mawili na hayajawahi kufunguliwa mbele ya mwenzake.

Msimu uliofuata tulioka kwake kama kawaida, lakini tuliondoka mapema tukawaacha peke yao na trei. Tulimwomba jambo moja: kabla vipande havijaingia koponi, wakae, kila mmoja ale kimoja, na waseme mambo matatu. Kwanza, madeni yote, ya huyu na ya yule. Pili, ndoo ngapi zitafika nyumbani hata mchuuzi akija na maneno matamu kiasi gani. Tatu, siku ya kurudi, na ikipita, ni nani atatumwa kuuliza habari.

Walipopiga hesabu waligundua kitu ambacho wote wawili hawakukijua. Ndoo ya lita 20 ya asali si kilo 20. Asali ni nzito kuliko maji, na ndoo hiyo ikijaa ni karibu kilo 28. Anayeuza kwa ndoo huku akifikiria bei ya kilo 20 amempa mchuuzi kilo nane za bure. Kwa nyumba yenye ndoo kumi, hizo ni kilo 80. Mama mwenzetu, kama nyumbani kwenu mnauza asali, limwambie hili baba watoto leo, na mtafute mizani.

Je, mambo yalinyooka yote? Hapana. Mume alichelewa tena, siku tatu, na waligombana tena kwa ajili ya hizo siku tatu. Lakini aligombana na mke akiwa ameketi sebuleni, na ndoo saba ziko nyuma ya mlango, kama walivyopatana. Nguo hazikufungwa. Sasa wana daftari moja.

Kwa nyumba yako

Tumeulizwa kama jambo hili haliwezi kufanyika bila tende. Linaweza. Watu wanaweza kupatana juu ya ugali au juu ya chai kavu. Lakini tumeona kwamba maneno ya madeni ni makavu na yanakwaruza, na mtu huyasema vizuri zaidi akiwa na kitu kitamu mkononi na kazi ya kutafuna inayompa nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu. Tena harufu ya trei ikianza kutoka, hata baba aliyekuwa na haraka ya kwenda kuaga wenzake husogeza kigoda.

Nusu ya nyumbani nayo ina kanuni yake. Mama huanza. Hawi wa mwisho, wala hali kwa kujificha jikoni. Anakula kipande chake watoto wakimwona, ili binti zake wakue wakijua kwamba anayebaki nyumbani naye ana fungu. Vilivyosalia wanagawiwa kila jioni, kwa siku chache, na watoto hujifunza kuhesabu siku kwa vipande. Mmoja wetu ni mjane. Huja kila tunapooka, na nusu ya nyumbani ya kila trei hutoa kipande kimoja kwa ajili yake, maana yeye ndiye hodari wetu wa moto wa mkaa.

Labda mume wako hasafiri kabisa. Huenda anayeondoka ni mtoto wa bweni, au binti anayeanza kazi mjini, au wewe mwenyewe unayekwenda kumuuguza mama yako. Oka vivyo hivyo. Ngoja vipoe. Kisha, kabla hujakata kipande kimoja kimoja, pitisha kisu katikati ya trei.